Ukumbi Ilikozaliwa Bendi ya Kabati

Jumatatu, 4 Agosti

Anti Kavindu amesema. Nisipoujaza ukumbi wake hapa mjini Kabati Jumamosi hii, anawapa watu wa kanisa. Na mimi niende wapi? Kila disko ninayoandaa huisha nikiwa peke yangu na spika. Lakini kichwa hiki si cha kuvalia kofia tu! Nimebandika matangazo soko zima: bendi ya kwanza ya Kabati, wale Morning Boys, ilizaliwa HAPA. Nani atabisha?

Jumanne, 5 Agosti

Mulei amebisha. Mulei wa baa ya ng'ambo! Anasema bendi ilizaliwa kwake, nyuma ya bucha. Ameandika ukutani kwa rangi nyekundu. Mwizi wa historia! Na historia yenyewe nimeitunga jana tu, kwa jasho langu.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Nimempata Mzee Ndolo, aliyewapigia gitaa. Yuko Mwingi. Nikamuuliza kwa simu kama anaukumbuka ukumbi wa Kavindu. Akasema bendi ilianzia hapo kabisa, na ameomba miaka mingi asimame hapo tena. Kumbe uongo wangu ni ukweli! Sikumuuliza kingine. Maswali mengi hufukuza bahati.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu hadi madirishani. Mulei ndani, amenuna. Raha iliyoje! Mzee akapanda jukwaani na gitaa. Na Biblia. Akasema aliokoka kitambo, na amekuja kushuhudia pale pale shetani alipomfunga.

Nikajipa moyo: ushuhuda mfupi, kisha nyimbo. Wapi! Hawa wapiga gitaa wetu wa zamani hawaimbi bila kuita watu majina, salamu kwa fulani, salamu kwa fulani. Wokovu haukumtoa hiyo tabia. Akalicharaza gitaa, tamu ajabu, akaanza kuwaita waliocheza hapa mpaka asubuhi wakiwa wameaga nyumbani kwamba wanaenda kesha la maombi.

Jina la kwanza: Kavindu. Asi, jamani! Anti akapiga nduru, akaenda mbele akilia. Nusu ya wazee wa Kabati wakamfuata. Hata Mulei!

Jumapili, 10 Agosti

Anti amewapa watu wa kanisa ukumbi. Bure! Alinikumbatia, akasema nimemwokoa. Nikalia kweli kweli. Akadhani ni Roho. Mulei sasa ndiye anayekaribisha watu mlangoni. Amenionyesha kiti cha nyuma.

Alhamisi, 14 Agosti

Niko Mukuyuni. Kuna stoo ya mahindi hapa, pana, mwenyewe mzee mpole. Nikamuuliza kama anajua ni bendi gani ilizaliwa humo. Hajui. Hata mimi bado. Lakini mpiga gitaa nimeshapata, na safari hii mimi si mjinga, nimeuliza kwanza. Hajaokoka hata kidogo! Aliyeokoka ni mkewe tu, ni pasta, na ameomba kumsindikiza siku hiyo. Nimemwambia karibu sana, mama, nitakuwekea kiti jukwaani.