Mchele Juu, Chenga Chini

Jumapili, 3 Agosti 2025

Wiki nzima bila Benedikta. Chumba kimya. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa hata kikohozi cha mke wake cha alfajiri. Mimi nakikosa.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Kwenye kipaimara cha mtoto wa Candida, yaani dada yake Benedikta, nilijitolea kuleta mchele wa pilau. Dalali wa nafaka Kariakoo ningesemaje sina? Nikapeleka gunia la chenga, zile punje zilizovunjika mashineni. Juu nikatandaza mchele mzuri wa Kyela. Benedikta akachota juu, akanusa, akanisifu mbele za watu. Kisha akashika nyama na viungo, wasichana wakaosha mchele na kumimina.

Pilau ikawa bokoboko. Paroko akaomba kijiko. Wageni wakanong'ona kwamba mkono wa Benedikta umechuja. Mkono ule! Ilala nzima hawaoi bila kumwita apike.

Jioni akafunua gunia mpaka chini, akaona. Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini, kwamba nisimame mbele ya wanawake wa jumuiya niseme mchele ulikuwa wangu na nilijua. Siku hiyo atarudi nyumbani. Kwa sasa atakaa kwa Candida.

Ni jambo dogo. Lakini dalali akishasema hivyo hadharani, nani atamwamini tena? Lazima kuna njia nyingine.

Ungo wake bado uko msumarini. Mwanamke hawezi kuhama akaacha ungo. Nimeutazama mara nyingi leo.

Jumatatu, 4 Agosti

Njia nyingine imepatikana. Nusu ya gunia ilibaki, ipo hapa chini ya kitanda. Candida anafuga kuku. Kuku wanapenda chenga. Nikimlainisha Candida, Candida atamlainisha dada yake.

Nikapeleka ndoo. Kuku wakanipokea vizuri kuliko mtu yeyote wiki hii. Candida akaokota punje chache, akaziweka kiganjani, akasema mbona zinafanana na ile pilau ya dada. Nikamwambia chenga zote zinafanana, kama watoto wachanga. Akauliza sasa pilau iliharibikaje. Nikasema labda maji yalizidi.

Benedikta alikuwa anaanika nguo pale pale. Hakugeuka. Shati moja akalibana kwa vibanio vinne.

Kwa nini nilisema maji? Ningeweza kunyamaza tu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta neno lingine ambalo ningesema, na yote yalikuwa mazuri kuliko lile.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Neha wa ghorofa ya juu, Jyotsna, ameona chenga zimemwagika kwenye ngazi. Nilidhani atalalamika. Akaomba bakuli moja. Jioni akaniletea zimepikwa na dengu, samli na bizari, laini, za moto. Nikala mpaka nikalamba bakuli. Akasema kwao mgonjwa hupewa hicho, na mtoto, na mtu mwenye huzuni. Akasema chenga haina kosa, ukiipika kama chenga.

Akauliza Mama Leticia, yaani Benedikta, yuko wapi, siku nyingi hamwoni. Nikajibu ameenda Songea kumzika shangazi yake. Sijui lilitoka wapi. Shangazi mwenyewe ni mzima, analima Peramiho. Mama Neha akasikitika kweli, akashika shavu. Nikasikitika naye.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa. Mama Neha amekutana na Benedikta sokoni, kwenye nyanya, akamkumbatia na kumpa pole ya shangazi.

 Nikauliza Benedikta alijibu nini. Mama Neha akasema alipokea pole, akashukuru, akaomba nifikishiwe ujumbe kwamba msiba bado haujaisha.

Angeweza kuniumbua. Hakuniumbua. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Halafu Athanas. Huyu anakaa chumba cha jirani, dalali kama mimi, na kila ninalofanya yeye hulifanya kesho yake kwa usafi zaidi. Amempelekea Candida mchele wa Kyela, eti zawadi ya kipaimara iliyochelewa. Mchele juu, mchele katikati, mchele chini. Candida amekung'uta mfuko wote kwenye sinia mbele ya watu kuhakikisha. Watu wakapiga makofi. Mchele unapigiwa makofi!

Sikubali. Kesho Nane Nane, sikukuu, kila mtu yuko nyumbani. Nitapika vitumbua. Vitumbua hata wapishi wakubwa hutumia chenga, hakuna wa kunisema.

Ijumaa, 8 Agosti

Niliamka mapema. Kumbe chini ya gunia kulikuwa na vijiwe. Hivi ndivyo Benedikta anavyofanya: anaketi mlangoni, anarusha ungo kidogo kwa viganja, pumba inaruka mbele, punje zinarudi, vijiwe vinajikusanya pembeni vyenyewe, na huku anapiga soga na Mama Neha bila hata kutazama. Miaka yote nimeona kazi ile nikidhani ungo ndio unaoifanya.

Nikautungua. Nikarusha. Chenga zikaruka, vijiwe vikabaki. Nikarusha kwa nguvu zaidi, ungo ukagonga ukingo wa kitanda, ukapasuka tundu la kupitisha vidole viwili. Nikaurudisha msumarini, tundu upande wa chini, nikatundika khanga yake juu.

Vitumbua vilipendeza kwa macho. Iliki, nazi, rangi ya dhahabu. Nikavipeleka kwa Candida, naye akauma cha kwanza. Ukasikika mlio. Akashika taya. Watoto wakacheka, kisha wakavipeleka kwa kuku, na kuku nao wakachagua.

Benedikta akaniita pembeni. Nikajua sasa. Akauliza kitu kimoja tu, kwamba nilipepetea nini. Nikasema ungo wake. Akauliza uko salama. Nikasema uko salama kabisa.

Alikuwa amekonda kidogo. Nilitaka kumwambia nyumba haikaliki bila yeye. Nikamwambia vitumbua vilihitaji hamira zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Jumuiya imesali kwa Candida. Nilikwenda nimevaa suruali ya harusi, nimeamua. Usiku nilijifunza maneno yenyewe mbele ya kioo: mchele ulikuwa wangu na nilijua. Maneno machache tu, mtoto angeyasema.

Baada ya sala nikaomba nafasi. Nikasimama. Wanawake wote wakaniangalia, na Benedikta akaniangalia, na uso wake ulifunguka kama siku za mwanzo. Nikasema mchele ulikuwa wangu. Mpaka hapo vizuri. Kisha nikamwona Athanas amekaa mbele, amekunja miguu, anatabasamu. Ulimi ukateleza wenyewe. Nikasema lakini wauzaji wa siku hizi si waaminifu, wanaweka mchele juu na chenga chini, hata mimi mzoefu nilidanganywa, tuwe macho jamani.

Athanas akauliza kwa upole ni muuzaji gani, ili jumuiya isimwendee. Nikasema amehama.

Benedikta akasimama. Nilidhani sasa nimekwisha. Akasema asiwepo wa kulaumiwa, kosa lilikuwa lake yeye. Alichota juu tu, hakutazama chini. Akasema amejifunza, na safari nyingine atakung'uta gunia zima kabla ya kulipokea.

Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli. Wakamsamehe. Akaketi, akafunga khanga yake vizuri, hakunitazama tena.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetoka misa nikakuta mlango umefungwa kama nilivyouacha, lakini khanga haipo. Na ungo haupo. Ukutani kumebaki duara jeupe na msumari. Mama Neha anasema Benedikta alikuja nilipokuwa kanisani, akafungua kwa ufunguo wake, na yeye akamwona kutoka mlangoni: akaushika ungo, akaingiza vidole viwili kwenye tundu, akakaa nao kitandani muda mrefu. Kisha akaondoka nao hivyo hivyo, umepasuka.

Nimeketi nikilitazama duara. Nimelia, niandike tu, humu hasomi mtu. Ningesema maneno yale mpaka mwisho, sasa hivi angekuwa hapa anakohoa.

Jioni nimepata wazo nikanyanyuka. Benedikta ameondoka na ungo mbovu. Maana yake anahitaji ungo. Nikienda na ungo mpya mikononi, sihitaji hata hotuba.

Nimekwenda mpaka Mchikichini. Nimeupata, mkubwa, wa mianzi, umesukwa vizuri sana, na kwa bei ambayo muuzaji mwenyewe aliona haya kuitaja. Una kitundu kidogo upande mmoja. Nimekiziba kwa gundi na unga wa chenga, nikapitisha msasa. Ukiushika kwa upande ule mwingine, hakionekani kabisa.