Herufi Moja ya Nzabandora

Jumatatu, 4 Machi 2019

Mvua asubuhi, jua mchana. Ujumbe wa binti yetu Christa, aliye ng'ambo, umefika kwenye simu: usaili wa viza ya kuhamia kwake ni tarehe 26, ubalozini Kinshasa, mimi na mama yake pamoja. Ada ameshalipa yeye. Sisi tulete karatasi tu. Nimemweleza mke wangu Daphrose kwamba usaili ni mtihani wa mdomo, na kwamba miaka thelathini na minne ya ualimu nilikuwa upande wa wanaouliza. Hatutashindwa!

Daphrose hakusikiliza. Anahesabu siku. Miaka kumi na mmoja hajamshika binti yetu mkono. Mjukuu wetu Prince anaamini bibi anakaa ndani ya simu. Akituaga, humwambia alale vizuri humo ndani.

Jirani Kanamugire, muuza maziwa, naye ameitwa usailini tarehe hiyo hiyo, kwa ombi la mwanawe aliye huko. Hakumaliza darasa la tatu. Karatasi zake zote ziko tayari ndani ya bido, dumu la maziwa alilolikata shingo. Zinanuka siagi. Nilimcheka, kwa adabu.

Jumatano, 6 Machi

Nimechukua nakala ya hati ya ndoa. Nieleze: mama anahitaji tu kuonyesha kwamba alimzaa mtoto. Baba lazima aonyeshe kwamba alimwoa mama. Bila hati hii mimi si baba wa mtu.

Bendera, mhuri, saini. Kisha jina: Nzabandola. L! Hapa Kitshanga R na L hubadilishana viti mdomoni bila mtu kuona. Mdomoni si kosa. Kwenye karatasi ni kosa, maana pasipoti yangu ina R. Karani ni Valens. Nilimfundisha darasa la nne, nikamwandikisha mistari mia moja kwa kosa hili hili.

Nikatoa biki nyekundu, kalamu yangu ya kusahihishia. Nikakata L, nikaweka R juu yake kwa mwandiko wa ubaoni. Pembeni nikaandika: “Angalia vizuri. 8/10.” Nikatia saini. Kazi safi.

Alhamisi, 7 Machi

Valens aliishika ile hati kwa vidole viwili, kama panya. Akasema, Papa Mwalimu, hii karatasi imekufa. Nikamweleza kwamba nimeisahihisha, sikuiua. Akasema karatasi ya Leta, ya serikali, haiko kaye ya mutoto ya kuandikia masomo; ubalozi ikiona wino juu ya jina, inasema iko ya uongo, na mwenye nayo anafungiwa mulango. Nakala mpya anaweza kutoa leo leo. Lakini itatoka na L, sababu anaandika vile kitabu inasema.

Nyumbani Daphrose alizitandaza karatasi zake mezani, moja moja. Kisha akasema, Papa Christa, karatasi zangu mimi hazina doa. Yako ikikufa tena, mimi naenda na Kanamugire. Prince nitamusalimia kwa jina lako. Utachagua wewe kama ni kwa R ao kwa L.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata mpango! Fromage ya Masisi, jibini nzima, ya duara. Pamoja nayo ukurasa niliouandika mwenyewe: “Namna ya Kutofautisha R na L”, mifano kumi na miwili. Valens akishaelewa, ataandika R kwa hiari yake. Zawadi ikiambatana na somo si hongo. Ni elimu.

Jumatatu, 11 Machi

Fromage hakuipokea. Somo alilisoma lote, akapata kosa ndani yake. (Mfano wa saba. Haraka tu.) Kisha akaleta kitabu chenyewe cha ndoa, cha mwaka 1984, akakifungua mbele yangu.

Nzabandola Barthélemy. Mwandiko wa kuinama, mzuri sana, mkia wa L umezungushwa kwa ustadi. Mwandiko wangu!

Nikakumbuka. Karani wa wakati ule aliugua wiki ya ndoa yetu, nami, mwalimu kijana, nikaombwa kujaza kitabu. Valens alikohoa. Akauliza kwa upole kama aniletee kaye ya mistari mia. Bila shaka biki za miaka ile zilikuwa mbovu.

Jumatano, 13 Machi

Valens amenihurumia. Kuna hati inayosema kwamba Nzabandora na Nzabandola ni mtu mmoja. Wanatakiwa mashahidi wawili waliotuona tukioana. Mama Mukandayisenga, aliyemsindikiza Daphrose siku ile, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Wengine vita vimewatawanya. Mmoja yuko Pinga, na barabara imekatika. Anabaki Kanamugire. Ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mahari mpaka kwa baba yake Daphrose.

Nilimwendea kwa kuzunguka, nikaanza na habari za mifugo. Akanikatiza: Mwalimu, sema tu. Nikasema. Akataka nitamke polepole, kama imla, neno moja: nimekosea. Neno lenyewe, nashukuru, halina R wala L.

Ofisini aliweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza, akaliinua juu. Akasema, njo faida ya kidole hii: haikosee ortografe, hata herufi moja. Ofisi nzima ilicheka. Valens alicheka akiwa ameinama, kwa heshima.

Jumamosi, 16 Machi

Hati tunayo. Daphrose ameitia pamoja na nyingine ndani ya bido aliyotukatia Kanamugire. Sasa nasi tunanuka siagi. Amekusanya biki nyekundu zote za nyumba hii, hata iliyokauka, akampelekea Mama Mukandayisenga. Nakala nyingine kabla ya safari haiwezekani: Valens amekwenda kuzika Itebero. Kesho kutwa pikipiki mpaka Goma, kisha ndege.

Prince amepiga simu. Ameuliza bibi atatokaje humo ndani. Daphrose alicheka mpaka akalia.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada Daphrose amebaki kuagana na wanakwaya. Nimefungua bido. Kuhakikisha tu. Kusoma si kugusa.

Hati imeandikwa vizuri. R mahali pake, L mahali pake. Kidole cha Kanamugire, kinene. Halafu, mstari wa nne kutoka chini, pale panaposema kwa Kifaransa kwamba sisi, wa R na wa L, ni mtu mmoja yule yule: “une seule et même persone”. N moja! Neno hilo lina N mbili, jambo ambalo nimelieleza kwa vizazi. Watu wa ubalozi watadhani Kitshanga hatukusoma.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa la mara ya kwanza nimelielewa kabisa: ulikuwa wino mwekundu. Unapiga kelele. Hati hii imeandikwa kwa buluu, na biki ninayoandikia hapa ni ya buluu.

Namsikia Daphrose anaagana na watu njiani. N moja ndogo, katikati. Nafasi inatosha.