Mbuzi za Ntheo na Ndege Iliyokataa Kupanda

Kwa Ndugu Mwenyekiti Abdille,
Chama cha Ndege za Rimoti, mjini Wote.

Basi, kama nilivyokuwa nakuambia kwa simu kabla kredo iishe, hiyo ndege ikakuja chini chini, ikilia kama mashine ya posho, moja kwa moja mpaka kwa mbuzi. Na sijalewa, mimi ni mtu wa kanisa. Salimia bibi yako Mama Qamar kwanza. Sasa malalamiko yangu kwa heshima:

1. Kitonga, yule kijana wa chama yenu, ndiye anaoa msichana wangu Ndinda. Jumamosi watu wake walileta mbuzi tatu za ntheo. Wewe ni Msomali, acha nikueleze. Kwetu Wakamba hizo mbuzi zikishafungwa kwa boma ya msichana, huyo sasa ni bibi ya mtu. Zikirudi kwa kijana, ni kusema tumemkataa. Hakuna kuongea ingine.

2. Wazee wakishakula, Kitonga akataka kuwafurahisha na ndege yake. Ilitoka vizuri kwa ile barabara ya vumbi, lakini kupanda juu ikakataa. Alivuta rimoti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akapiga nduru, "Mkia! Mkia imekwama!" Ndege ikapita katikati ya mbuzi, ikajipiga kwa ua ya miiba. Mbuzi zikakata kamba. Wewe unauza mbuzi, unajua mbuzi haisahau kwao. Zote zikavuka mto mkavu mpaka kwa Mzee Nyamai, babake Kitonga. Zilifika huko kabla wazee wenyewe warudi!

3. Sasa Mzee Nyamai amekasirika, anasema mbuzi zimerudi, basi tumekataa kijana wake. Na jirani yangu Kathini, mdomo yake haina geti (mimi sisemangi watu), ametangaza soko yote ya Mutomo eti mimi Kanyiva nimepata mkwe mwingine mwenye lori huko Kambu. Ndinda hata chai hanywi. Bwana Abdille, sisi hatujakataa mtu. Ni ndege ilikataa!

4. Kitonga alinisomea ile somo mlitoa baada ya ajali: eti kabla ya kurusha, kagua vile vibawa vidogo vyote vinapinda juu na chini. Lakini alikagua! Asubuhi niliona na macho yangu, kibawa ya mkia inainuka na kulala kama sikio ya punda. Kwa hivyo kijana hana makosa. Ndege ndiyo ina kichwa ngumu.

5. Naomba chama ilete hiyo ndege mbele ya wazee, hivyo hivyo pua imevunjika, ikubali makosa. Wewe utaiongelea. Ikikataa, ilipe mbuzi. Ikikosa mbuzi, ifungwe kamba kwa boma yangu mpaka harusi, ijue vile mbuzi hujisikia. Na ndege zingine zote za Kitui na Makueni zifundishwe adabu.

Nimeandika bila hasira. Salamu kwa wanachama wote, na watoto wako, na hata mbuzi zako.

Ni mimi mama ya bibi harusi, Mungu akisaidia,
Kanyiva, Mutomo.

N.B. Nilikuwa nimesahau. Mkiona utepe wangu mwekundu kwa hiyo ndege mnirudishie, ni wa kwaya. Hapa kwetu kitu mpya ikiingia boma siku ya sherehe lazima tuipambe, hata pikipiki. Wazee wakiwa wanakula, nikaifungia pale kwa mkia, kwa sababu ile kibawa ilikuwa inacheza-cheza na upepo bila heshima mbele ya wageni. Nikakaza fundo kabisa mpaka ikatulia tuli. Ilipendeza sana! Hiyo ndege nimeiheshimu hivyo, halafu ona vile ilinifan

Ngoja, dada yangu Nthenya ananiita kwa geti. Anasema Kitonga amekuja, na mbuzi zote tatu! Anacheka peke yake, na eti ameshika kitu nyekundu kwa mko