Chumba Nilichokiuza kwa Haki

Jumatatu, 30 Machi
Nimeamka mzima, Mungu ahimidiwe. Habari ni mbaya. Daktari Tirza Azulai, mwanahistoria wa programu yetu ya Sheria na Elimu ya Kiyahudi, anakitaka chumba cha semina ninachofundishia. Chumba pekee chenye dirisha! Mkuu wa kitivo ataamua baada ya Pasaka yetu ya Kiyahudi. Nikishindwa, darasa langu la sheria litahamia chini, kando ya mtambo wa kupasha jengo joto. Katikati ya sikukuu Azulai atafanya kongamano humo, Mkuu akiwa mgeni wake. Ujanja mtupu.

Tena leo, mbele ya wanafunzi, alisema desturi yetu ya kumuuzia asiye Myahudi vyakula vyenye chachu kabla ya Pasaka, maana sikukuu hiyo haturuhusiwi kuvimiliki, kisha kuvinunua tena, ni maigizo. Maigizo! Nilimjibu kwamba mauzo ni mauzo. Mnunuzi akitaka kuvila vyote, na avile.

Jumanne, 31 Machi
Nimepata njia. Katika chumba kile mna kabati la programu: biskuti, wiski, keki ya mwaka jana, vyote vya nafaka iliyochachuka. Mimi ndiye wakili wa wote katika mauzo ya chachu. Sheria inapenda chachu iuzwe pamoja na mahali ilipo. Wenzangu huuza rafu. Mimi nitauza haki yetu ya kukitumia chumba kizima! Kongamano na likafanyike barabarani.

Nilimweleza mke wangu Breindel, aliyekuwa akisugua jiko. Aliuliza mimi mwenyewe nitaingiaje. Nikamwambia baada ya sikukuu nitakinunua tena. Akauliza, na mnunuzi akikataa? Nilicheka. Hajawahi kukataa mtu tangu enzi za babu zetu.

Jumatano, 1 Aprili
Nimeuza. Mnunuzi ni Profesa Declan Mulvaney, mwalimu wa mikataba, Mkatoliki mpole. Aliinua kitambaa changu, ishara yetu ya kisheria ya kuthibitisha mauzo, nikamkabidhi ufunguo. Aliuliza, huku akitabasamu, kama huu ni utani. Niliona uchungu. Nilimwambia hakuna utani katika sheria: chumba ni chake. Mpaka lini? Nikasema milele. Azulai alikuwa amesimama mlangoni, sikutaka apate sababu ya kusema tena ni maigizo.

Jumapili, 5 Aprili
Katikati ya Pasaka sheria yetu haimruhusu mtu kuandika ila kwa dharura, na hapo abadilishe namna ya kuandika. Naandika kwa mkono wa kushoto. Ni dharura.

Kongamano limefanyika. Chumbani! Azulai hakulalamika hata kidogo. Alimwendea mwenye chumba akamwomba, na Mulvaney akamfungulia. Kisha akatangaza mbele ya Mkuu kwamba anafuta kauli yake: Rabi Zundel Perlhefter alisema kweli, mauzo ni halali kabisa, ndiyo maana yeye Azulai leo ni mgeni wa Profesa Mulvaney. Watu wakapiga makofi. Wakanipigia mimi! Sikujua niiname au niondoke.

Mkono umechoka. Moyo haujachoka.

Ijumaa, 10 Aprili
Sikukuu ilikwisha jana. Asubuhi nilikwenda kununua chumba. Nilimkuta Mulvaney dirishani, miguu juu ya meza yangu, biskuti zetu mapajani. Nilimtajia bei njema. Akasema hauzi.

“Lakini Profesa, kila mwaka mnunuzi hurudisha!”

“Rabi wangu, si wewe uliyeniambia hakuna utani? Chumba kina mwanga mzuri, mzee. Karibu biskuti.”

Nilikataa biskuti. Chachu iliyokuwa mali ya asiye Myahudi wakati wa Pasaka inaruhusiwa, lakini nilikataa.

Jumatatu, 13 Aprili
Mkuu alituita chumbani. Mulvaney alikuwepo, Azulai alikuwepo, na wanafunzi wangu walijazana mlangoni. Mkuu alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia: “Rabi, niokoe. Tamka tu kwamba ile ilikuwa desturi, si mauzo ya kweli. Nafuta kila kitu, chumba kinakuwa chako. Hata Daktari Azulai amekubali.”

Nililitazama dirisha. Niliwatazama wanafunzi. Miaka yote nimewafundisha kwamba neno la mtu katika sheria si povu.

Nikasema: “Nilikiuza. Ni chake. Aliyekiuza ni mimi, wala sikuwa mlevi.”

Breindel ameniuliza kama najivunia. Nimesema ndiyo. Akasema basi nichukue feni.

Jumanne, 14 Aprili
Somo la kwanza chini. Mtambo unanguruma kama fahali mwenye jino bovu. Wanafunzi wote walikuja, wengine wakakaa sakafuni. Azulai naye akaja, na kahawa mbili. Alisema, “Umenishinda, Rabi. Sirudii tena kuyaita maigizo.” Nilimwambia nilijua tangu mwanzo. Kahawa ilikuwa nzuri. Sikumwambia.

Niliporudi nyumbani nilipita nje, chini ya dirisha lile. Pana nafasi! Sikukuu ya Vibanda, tunapoketi vibandani kwa juma zima, ni vuli hii. Sheria inataka kibanda kijengwe nje, paa lake liwe la matawi. Nikikijenga pale, matawi yatafunika kioo chote. Tuone kama Mulvaney atausifu tena mwanga wake.

Nitahitaji ngazi. Mulvaney anayo moja ndefu. Kesho nitakwenda kumwomba aniazime. Kwa mkataba, bila shaka. Naye nitampa haki ya kuketi kibandani. Milele.