Uingereza, Ulaya na Mfereji wa Mzee Sakaya

Jumatatu, 12 Februari 1912
Mwalimu Yoeli ametangaza: anatafutwa msaidizi wa kufundisha darasa la wasichana. Mmoja tu! Tumebaki wawili, mimi na Hanna. Ijumaa tutajibu swali moja mbele ya Bwana Misionari: je, Uingereza ni sehemu ya Ulaya? Swali hili limetoka wapi? Jana Hanna alikuwa akitabasamu kanisani, na mahubiri yalikuwa ya majipu ya Ayubu. Alijua!

Jumanne, 13 Februari
Mpango tayari. Bwana Misionari ni Mjerumani, na Wajerumani hawawapendi Waingereza. Nikiwatoa Ulaya, atafurahi. Jibu langu: nchi iliyozungukwa na maji ni ya peke yake. Fupi. Tamu.
Hanna ameniazima wino bila kuombwa. Nimeunusa.

Ijumaa, 16 Februari
Nimesema! Bwana Misionari alicheka mpaka akavua miwani. Hanna akajibu kwamba Uingereza ni ya Ulaya, maana Waingereza hugombana na watu wa Ulaya kila mwaka, na mtu hagombani hivyo ila na ndugu zake. Upuuzi. Kisha, kwa sauti ya njiwa, akaniuliza: je, na kwetu nyumbani, palipozungukwa na mikono miwili ya mto, sisi nasi si Wameru kama wenzetu? Darasa zima kicheko! Kurudi nyuma kungekuwa kushindwa. Nikasema kwa nguvu kwamba naam, hata sisi ni wa peke yetu!
Mzee Sakaya, msimamizi wa mfereji unaoleta maji mashambani, alikuwa dirishani. Alitikisa kichwa polepole. Nadhani nimemvutia.

Jumamosi, 17 Februari
Hatuna maji! Mto wenyewe uko chini korongoni. Maji ya mfereji hutufikia kwa gogo lililochongwa, lililolazwa juu ya korongo. Mzee Sakaya ameliondoa. Mama alikwenda kumwamkia na kumsihi. Akajibiwa kwa upole kwamba binti yake msomi ametangaza nchi yao, na maji ni ya watu wa mfereji, si ya wageni. Akaongeza kuwa jembe la Baba nalo halijaonekana kwenye kazi ya kuzibua mfereji tangu vuli.
Migomba imeanza kulegea. Mama ameniambia nikateke maji Ulaya.

Jumatatu, 19 Februari
Faini: Baba azibue mfereji siku tatu, nami nipeleke mtungi wa pombe ya ndizi na kukiri mbele ya wazee kwamba sisi ni watu wa mfereji. Hanna, kwa huruma, alinionyesha njia ya mkato. Inapita mbele ya nyumba ya Bwana Misionari! Naye alikuwa barazani. Aliutazama mtungi. Akanitazama mimi. Hakucheka.
Wazee walikunywa, nikakiri, gogo likarudishwa.

Alhamisi, 22 Februari
Kazi amepewa Hanna. Mwalimu Yoeli alisema neno "pombe" mara nne. Hanna amekuja kunifariji na ndizi kumi na tatu. Kwa nini si kumi na mbili?
Lakini kuna habari! Baada ya Pasaka atatafutwa msaidizi wa pili. Swali: je, Unguja ni sehemu ya Afrika? Unguja imezungukwa na maji pande zote, tena imeshikwa na Waingereza. Bwana Misionari atafurahi sana. Jibu ninalo tayari.
Safari hii nitafunga dirisha.