Mawe ya Jumanne

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa ametangaza: atakayesoma mawingu vizuri wiki hii ndiye atakayekabidhiwa chumba cha rada. Ni mimi. Nani mwingine? Miwani? Yule bwana wa miwani minene ana miaka miwili tu hapa, mimi kumi na mmoja! Nimeshachagua pa kuweka meza yangu.

Jumanne, 4 Machi
Doa jekundu kwenye skrini, juu ya mlima anakoishi mama mkwe! Nikapiga kelele: mvua imechanganyika na mawe! Miwani akasema polepole kwamba hayo si mawe, ni theluji inayoyeyuka huko juu. Eti ikishalowa inang'aa sana kwenye rada, lakini chini itafika mvua tupu. Nikamwambia asinifundishe kazi. Mkuu akasema maneno matupu hayavunji mfupa; anayedai mawe alete ushahidi Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia mama mkwe. Kasema ilinyesha mvua ya kawaida, hata kuku hawakukimbia. Nikamsihi akumbuke vizuri. Akauliza kama namwona mtu asiyejua jiwe. Akakata simu kabla sijaaga. Haidhuru. Penye nia pana njia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemimina maji kwenye pembe za mifuko ya plastiki, nikafunga kwa uzi, nikatia kwenye friza. Mawe ishirini na matatu, mviringo safi! Mke wangu kauliza samaki wake nimewapeleka wapi. Nikamwambia asiingilie utafiti.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu, jamani, aibu! Nilimpelekea Mkuu mawe yangu, akapasua moja. Kumbe mawe ya kweli yana tabaka kama kitunguu. Langu lilikuwa na kipande cha uzi mwekundu. Akauliza, mbele ya watu wote, kama siku hizi mawinguni kuna fundi cherehani. Kituo kizima kikaangua kicheko. Miwani peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Chumba kapewa yeye. Kumbe tangu Jumanne alishawapigia simu watu wa mlimani kuhakikisha, akiwemo mama mkwe wangu, ambaye sasa anamwita "mwanangu". Mimi hajawahi kuniita hivyo!

Jumamosi, 8 Machi
Saa nane mchana Miwani kanipigia: rada inaonyesha mvua ya mawe inakuja mtaani kwetu, nifunike bustani. Nikajua ananikejeli. Nikajilaza.

Saa tisa, mawe! Ya kweli! Bustani ya mke wangu kwisha habari yake. Mwenyewe kalia machozi, kisha kaniambia nikamwombe Miwani radhi, nimshukuru, yaishe.

Huyu naye hajui sayansi. Nimeokota ndoo nzima, nimejaza friza. Jumatatu asubuhi namwagia Mkuu mezani, namwambia ndiyo yale ya Jumanne.