Tanzia ya Mzee Oola, Ambaye Yuko Getini

Jumatatu, 16 Juni
Gazeti la shule linataka mwandishi! Nafasi moja, na Mwalimu Abalo ataamua Ijumaa. Hebu fikiria: “Husnah Kasim”, kwa herufi za chapa! Tatizo ni kwamba mwandishi wa habari huuliza watu maswali. Mimi nimesoma kwa lugha mbili na ninanyamaza kwa zote mbili. Okullo wa darasani kwetu naye kajiandikisha. Kanishauri niandike utabiri wa nyota, maana nyota hazijibu.

Jumanne, 17 Juni
Leo nimekuwa mwandishi wa michezo. Ripoti niliiandika asubuhi, kabla ya mechi, nisije nikalazimika kumhoji kocha. Humo tumewalaza vijana wa shule ya Ntinda mbili bila. Nimeeleza hadi machozi ya kipa wao. Saa tisa, mvua! Mechi imeahirishwa. Okullo kaiona ripoti, kanipongeza mbele ya darasa, eti nabii.

Jumatano, 18 Juni
Wallahi nimepata! Mwalimu Abalo anasema magazeti makubwa yana waandishi wa tanzia, na tanzia za watu mashuhuri huandikwa wakiwa bado hai, zikawekwa akiba. Marehemu hahojiwi! Kazi yangu hiyo. Nimemchagua Mzee Oola, mlinzi wetu wa getini, polisi mstaafu. Nimelia nikiandika. Nimeiweka kwenye faili la gazeti.

Alhamisi, 19 Juni
Balaa! Nilisahau kuandika “akiba”. Okullo, aliyetumwa kubandika kurasa, kaibandika ubaoni. Babra wa jikoni kaangua kilio, kaacha posho, ugali wetu wa mchana, ikiungua, kakimbilia getini kuuliza maiti iko wapi. Akaulizwa kitambulisho na marehemu mwenyewe.

Mzee Oola akaja. Akavaa miwani. Akasoma yote. Akauliza nani kaandika. Okullo akaninyooshea kidole kwa furaha.

Mzee akaniambia, “Mjukuu wangu, mimi sajini, si koplo! Koplo ni matusi.” Tena kwenye bendi ya polisi alipiga tarumbeta, si ngoma. Na mkewe, marehemu Amito, mbona sikumtaja? Akanikalisha kwenye benchi lake, akasimulia saa nzima. Sikuuliza swali hata moja. Niliandika tu, mkono ukauma.

Ijumaa, 20 Juni
NIMEPATA NAFASI! Mwandishi wa makala! Mwalimu Abalo kanikaripia kwanza, kaniamuru nimwombe Babra radhi. Kisha kasema habari ya Mzee Oola, niliyoiandika upya jana usiku, imemtoa machozi, na kwamba nimejifunza: mtu afuatwe akiwa hai, asikilizwe. Nikaitikia kwa kichwa. Kweli kabisa.

Okullo, aliyeikosa, kaambulia utabiri wa nyota.

Jioni nimeandika tanzia ya Mwalimu Abalo. Ndefu, tamu, ina radi na umeme. Ya Okullo mistari miwili. Zote ziko kwenye faili. Neno “akiba” nitaliandika Jumatatu. Nani atafungua faili wikendi? Ufunguo wa kabati lake anao Okullo peke yake.